Usimuulize Vita, Muulize Kambi

Hotuba hii niliitoa hapa Houston, Texas, kwenye mkutano wa Waswahili tunaofanya kazi ya kutunza wazee. Wengi mlikuwa zamu siku ile, ndiyo maana naiweka yote. Picha za ukutani nimeziacha. Hata ukumbini hazikusaidia sana, projekta ilikuwa inajizima kila baada ya dakika tano.

Wazee wangu, shikamooni. Kaka zangu na dada zangu, poleni na kazi. Najua humu ndani kuna watu wametoka zamu ya usiku moja kwa moja bila kulala, na wengine wanaingia jioni hii hii. Ukisinzia sitakusema. Ukikoroma nitakuamsha kijeshi.

Nianze na swali. Ni wangapi hapa wanamhudumia mzee aliyekwenda Vietnam? Nyosheni mikono juu tuione. Haya, karibu nusu ya ukumbi. Swali la pili: ni wangapi wamewahi kumuuliza mzee huyo habari za vita, na akawajibu? Mmeona mikono ilivyoshuka?

Mimi wangu nilimuuliza mwezi wa kwanza tu. Nilikuwa mgeni wa kazi, nikamkuta na kofia yake imeandikwa Vietnam, nikadhani mtu anayevaa kofia ya namna ile anataka kuulizwa. Nikamwambia, "Mzee, ulipigana?" Akanitazama, akageukia ukuta, siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne nilikuwa namtandikia kitanda. Bila kufikiri nikakunja pembe za shuka vile tulivyokunja Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kambi ya Mafinga, ile pembe kali kama ya bahasha, ambayo usipoikunja vizuri afande anakuvurugia kitanda chote. Mzee akajiinua kwenye kiti. "Nani kakufundisha hiyo?" Nikamwambia, sajenti. Weee! Siku hiyo tuliongea mpaka zamu ikaisha, na kesho yake alinisubiri mlangoni.

Ndugu zangu, hilo ndilo nililokuja kuwaambia. Usimuulize vita, muulize kambi. Vita ni chumba cha ndani, na huenda hutaingia kamwe, wala huna haki ya kuingia. Kambi ni baraza. Barazani mgeni hukaribishwa.

Sasa mtaniuliza, kambi gani hiyo, na ina nini cha kusimulia?

Tuanzie hapa hapa mjini. Tarehe 28 Aprili 1967, katika jengo la kuandikishia askari la mtaa wa San Jacinto, aliingia kijana mmoja mnayemjua wote, bingwa wa ngumi Muhammad Ali. Utaratibu ulikuwa hivi: mnapangwa mstari, linaitwa jina lako, unapiga hatua moja mbele. Hatua ile moja ndiyo inayokufanya askari. Hakuna kingine. Ali aliitwa kwa jina lake la zamani, akasimama pale pale. Akaitwa tena, akasimama pale pale. Akanyang'anywa ubingwa, akahukumiwa miaka mitano, na ilibidi asubiri mpaka 1971 Mahakama Kuu ya nchi imfutie kesi. Miaka mitatu baadaye tunamkuta ulingoni Kinshasa, na hiyo ni hotuba ya siku nyingine.

Mzee wangu alipita jengo lile mwaka ule ule, miezi michache baadaye. Yeye alipiga hatua. Nilimuuliza, "Kwa nini hukukataa kama Ali?" Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Ali alikuwa na mawakili. Mimi nilikuwa na miaka 19 na deni la gari." Tangu Agosti 1964 hadi mwanzoni mwa 1973, zaidi ya vijana 1,800,000 waliitwa jeshini kwa lazima, na wengi wao hawakuwa na maelezo marefu kuliko hayo.

Sikilizeni kitu kimoja kidogo hapa, kitawasaidia kazini. Aliyeitwa kwa lazima alitumikia miaka miwili, na namba yake ya jeshi ilianza na herufi US. Aliyejitolea mwenyewe alitumikia miaka mitatu, na yake ilianza na RA. Kwa hiyo kambini ukitaja namba tu, kila mtu anajua umeletwa au umejileta, na utani wake haukuisha. Mfumo huo ulikoma Julai 1969, jeshi likaanza kutumia namba za hifadhi ya jamii. Kwa nini nawachosha na herufi? Kwa sababu nilimhudumia mzee mwingine, Mungu amrehemu, mwenye ugonjwa wa kusahau. Binti yake akija, anamwita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Chakula cha asubuhi anasahau kabla ya sahani kuondolewa. Lakini ukimwuliza, "Askari, namba yako?" mgongo unanyooka: US, na tarakimu nane, moja baada ya nyingine, bila kukosea. Aliipigiwa kelele hadi ikaingia kwenye mifupa. Binti alilia siku aliyoisikia. Alikuwa hajawahi kujua kwamba baba yake ana namba.

Haya, basi limefika kambini. Kambi zilikuwa nyingi: Fort Dix kule New Jersey, Fort Jackson, Fort Benning, Fort Leonard Wood ndani ya misitu ya Missouri, Fort Ord ufukweni mwa California. Ord ndiyo ile ambayo mwaka 1964 homa ya uti wa mgongo iliwashika makuruta mpaka mafunzo yakasimamishwa. Lakini sisi wa Texas tutakutana zaidi na wazee wa Fort Polk, Louisiana, maana ni mwendo wa saa tatu na kitu tu kutoka hapa. Jina lake limechezewa sana siku hizi. Mwaka 1941 iliitwa kwa heshima ya jenerali wa upande uliopigania utumwa. Mwaka 2023 ikapewa jina la Henry Johnson, shujaa mweusi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 2025 ikarudi kuitwa Polk, safari hii wakisema ni Polk mwingine. Wazee wenyewe hawakuhangaika na mabadiliko yote hayo. Kwao ni Polk tu, na wanalitamka kama mtu anayetema kokwa.

Waliopita JKT hapa, mtanisaidia. Kuruta anafanyiwa nini siku ya kwanza? Kunyolewa! Nako ni hivyo hivyo. Kinyozi wa kambini hakuulizi unataka mtindo gani. Mzee mmoja mweusi, mzaliwa wa Mississippi, aliniambia kitu sijakisahau. Alisema alipoinuka kwenye kiti aliangalia sakafuni, akaona nywele za watu wote zimefagiliwa pamoja, nyeusi za kipilipili, za rangi ya mahindi, nyekundu, lundo moja. Hapo ndipo akajua amefika nchi nyingine. Ni mwaka 1966. Jeshi lilikuwa limepigwa marufuku kuwatenga askari kwa rangi tangu amri ya Rais Truman ya 1948, lakini kijijini kwake alikuwa hajawahi kulala chumba kimoja na mzungu. Usiku ule alilala kitanda cha juu, na chini yake amelala kijana wa Alabama. "Tulikuwa macho wote wawili mpaka asubuhi," akasema. "Kila mmoja anamsikiliza mwenzake anavyopumua."

Nikamwuliza, mkawa marafiki? Akasema, "Hapana. Tulizoeana." Mimi nampenda mzee yule kwa jibu lile. Hakunipamba.

Na hanga lenyewe, bweni la kulala! Majengo ya mbao ya ghorofa mbili, yaliyojengwa haraka haraka wakati wa Vita vya Pili ili yatumike miaka michache, na miaka 25 baadaye bado yamejaa vijana. Mbao zile kavu zinashika moto kama njiti, kwa hiyo kila usiku lazima awepo mtu wa lindo la moto, saa moja moja, anazunguka na tochi kati ya vitanda huku wenzake wanaota kwa sauti. Mzee wangu anasema kwenye lindo lile ndipo alipojua kwamba yule mbabe wa platuni, aliyewatisha wote mchana, usiku anamwita mama yake.

Na choo. Naomba radhi kwa wanaokula. Kila mzee, nasema kila mzee, atakusimulia choo. Masinki ya kukalia yamepangwa mstari mmoja, bila ukuta, bila pazia, bila kitu. Goti lako linagusana na la jirani. Kuna mzee alikaa siku nne bila kwenda, tumbo kama ngoma. Siku ya tano akaenda, akakaa, jirani akamsalimia na kumwomba kiberiti. Basi, aibu ikaishia hapo. Nyie mnaowaogesha wazee, mkikuta mmoja anaona haya kuvuliwa nguo, mkumbusheni choo cha kambini. Mimi kimenisaidia mara tatu.

Halafu kuna taulo. Hii naipenda kuliko zote. Zamu ya jikoni ilianza usiku mkubwa, saa tisa au saa kumi. Sasa mlinzi wa usiku atajuaje gizani ni nani wa kumwamsha kati ya watu wengi wamejifunika gubigubi? Aliyepangwa jikoni anafunga taulo nyeupe kwenye chuma cha kitanda chake kabla ya kulala. Mlinzi anapita, akigusa taulo anamtikisa mtu. Lakini waswahili wanasema mjini shule, na kambi ni mji! Kuna vijana waliamka kimya kimya usiku, wakafungua taulo lao, wakalifunga kwenye kitanda cha mwenzao. Mtu ambaye hakupangwa anaamshwa saa tisa, anakwenda kumenya viazi na kusugua masufuria mpaka jua linazama, na mwenye zamu yake amelala fofofo. Mzee mmoja alinikiri kwamba alifanya hivyo mara moja. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Yule niliyemfungia taulo hakurudi kutoka Vietnam." Miaka zaidi ya 50 imepita, na kinachomsumbua ni viazi.

Mnaona sasa? Mimi nilimuuliza jikoni. Vita akaileta mwenyewe, kwa mlango wake, kwa wakati wake.

Lakini nisije nikawauzia kambi kama pikiniki. Kuna mambo ya kambi ambayo hayachekeshi. Mwaka 1966 Waziri wa Ulinzi, Robert McNamara, alianzisha mpango wa kuchukua vijana ambao kabla ya hapo walikuwa wanafeli mtihani wa jeshi. Kila mwaka laki moja, wakasema, tutawainua. Walichukuliwa zaidi ya 300,000. Wengi walitoka familia maskini, wengine hawakujua kusoma vizuri, na wengi wakaishia askari wa miguu. Mzee mmoja wa hapa Texas alilala jirani na mmoja wao. Kila Jumapili alimwandikia barua ya kwenda kwa mama yake, na ikija barua alimsomea. Kilichomshangaza ni kwamba barua za mama nazo ziliandikwa kwa mwandiko tofauti kila mara. Mama naye alikuwa anaandikiwa na majirani. Watu wawili wanaopendana, hakuna anayejua kuandika, na barua zinakwenda na kurudi mpaka mafunzo yanaisha. Mimi sioni aliinuliwa vipi kijana yule. Kama kuna mtu humu anaona, anieleze wakati wa chai.

Mafunzo ya mwanzo yalikuwa wiki nane. Mchakamchaka alfajiri, na nyimbo, kama zetu. Mnajua ile namna ya Wamarekani ya kuitikia hatua wanapotembea kwata? Aliyeianzisha mwaka 1944 alikuwa askari mweusi wa cheo cha chini kabisa, Willie Duckworth, kule Fort Slocum, New York, kwenye kikosi kilichochoka njiani. Na ndani ya nyimbo zao yumo mtu anaitwa Jody. Jody ni yule aliyebaki nyumbani, anayekula ugali wako na kumtembelea mchumba wako. Hakuna aliyewahi kumwona, na kila mtu ana wake. Ukitaka mzee acheke, mwulize Jody wake aliitwa nani. Ila angalia kwanza mkewe hayupo karibu.

Baada ya hapo, aliyepangiwa kuwa askari wa miguu aliendelea na wiki nyingine zaidi ya nane. Pale Polk sehemu hiyo iliitwa Tigerland. Joto la Louisiana, unyevu, mvua, nyoka, matope ya kuvua buti, hayo ndiyo yaliyowafaa wakubwa, maana yalikaribiana na kule wanakopelekwa. Ndani ya msitu wa misonobari walijenga kijiji cha Kivietnam cha kuigiza, vibanda vya nyasi, mitego ya miti iliyochongwa, mashimo. Wakufunzi wengi walikuwa wametoka vitani juzi tu. Wengine walikuwa na miaka 21, wanamfundisha mwenye miaka 19 namna ya kutokufa. Usiku walitambaa chini ya nyaya za miba huku bunduki ya rashasha inapiga risasi za moto juu yao. Walifundishwa singe kwa kupiga kelele za kuua. Na walifundishwa kuwaita watu wa Vietnam kwa majina ambayo siwezi kuyatamka mbele ya wazazi wangu. Mzee mmoja aliniambia, "Lile kijiji la uongo lilikuwa na kila kitu isipokuwa watu." Aliishia hapo. Nami sikumsukuma.

Sasa naomba usingizi uwatoke kidogo, hapa ndipo penyewe.

Siku ya mwisho ya Tigerland. Kombania nzima imesimama, sajenti ana karatasi, anasoma majina na vituo. Wachache Ujerumani, wachache Korea, waliobaki wote Vietnam. Kisha likizo fupi nyumbani, halafu Oakland, California, halafu ndege ya abiria ya kukodi, yenye wahudumu wanaokuuliza utakunywa nini, na inakushusha vitani. Lakini hawakupelekwa pamoja! Hilo ndilo ambalo mimi mtoto wa JKT sikulielewa kwa muda mrefu. Nilidhani mnaofunzwa pamoja mnakwenda pamoja. Sivyo. Kila mtu alitumwa peke yake, kuziba nafasi ya mtu fulani kwenye kikosi fulani, miezi 12, kisha anarudi peke yake. Watu waliokula pamoja, waliooga pamoja, waliofungiana taulo, walitawanyika mchana mmoja, na wengi hawakuonana tena wala kusikia habari.

Na walijuana kwa jina gani? Jina la ukoo lililoshonwa kifuani, au jina la utani. Washington kuna ukuta mweusi wa mawe, ulizinduliwa 1982, una majina zaidi ya 58,000. Hayakupangwa kwa alfabeti. Yamepangwa kwa siku mtu aliyokufa au kupotea. Kitabu cha kutafutia kipo, sawa. Lakini wewe unamjua mtu kwa jina Smith, alikuwa na meno mabaya na alipenda pichi za kopo. Utampata wapi? Kina Smith ni wangapi pale?

Ndiyo maana hawaishi kusimulia kambi. Kikosini Vietnam mtu aliona nani alikufa. Wale wa kambini hakuwaona wakifa. Amewaacha pale kwenye gwaride, na begi begani.

Mzee wangu, yule wa pembe za shuka, ana kitabu cha picha. Wakati ule makuruta waliuziwa kitabu cha kombania yao, kama cha wahitimu wa shule, kila mtu na picha yake na jina lake kamili chini. Mshahara wao haukufika dola 100 kwa mwezi, lakini alikinunua. Sasa macho yamekufa, hawezi kukisoma, kwa hiyo mimi namsomea kabla ya kulala. Nasoma jina, yeye ananiambia: huyu alikuwa anatoka kwenye shamba la ng'ombe, huyu aliiba kuku wa jikoni, huyu alitupa bomu la mkono vibaya tukalala matopeni wote.

Usiku mmoja nikapata wazo nililoliona la busara. Majina kamili ninayo. Simu ninayo. Orodha ya ule ukuta ipo kwenye intaneti, mtu yeyote anaweza kutafuta. Nikamwambia, "Mzee, nikitaka naweza kukuambia sasa hivi nani alirudi na nani hakurudi." Nikaandika la kwanza. Lilikuwepo. Nikaandika la pili. Halikuwepo. Nikaandika la tatu, na kabla sijabonyeza nikasikia mkono wake umenishika kifundo cha mkono, na kwa mtu mwenye miaka 77 alinishika kweli kweli.

"Zima hiyo," akasema. "Soma."

Nikaizima. Tulikuwa platuni ya pili, mstari wa chini kabisa, kijana mwenye masikio makubwa. Nikasoma jina lake. Mzee akaanza kucheka hata kabla sijamaliza.